Rula ya Sentimita Thelathini

Ghorofa ya pili, Barabara ya Boma, Jumatatu,
Dokta Elinami kaweka jedwali mezani:
kushoto *ukuaji*, kulia *uharibifu*,
katikati mstari mmoja mweusi.
"Viashiria vinane," akasema. "Vipimike. Viaminike.
Mfadhili anavitaka Ijumaa."

Nikaanza na vilivyo karibu na mkono.
Mapato ya halmashauri, miaka kumi.
Leseni za biashara. Mifuko ya saruji.
Namba zikapanda kama watalii wanavyoupanda mlima,
hatua fupifupi, zikisimama kupigwa picha.

Kisha nikaukumbuka mwaka ule
maji ya mtaani kwetu yalipogeuka chai ya rangi.
Tukanunua ya chupa. Duka la Mangi likaongeza friji la pili,
na foleni ya dawa za tumbo
ikatoka famasi mpaka kwa fundi viatu.
Yote hayo, katika safu yangu ya kushoto, ni heri.
Mto ukiugua, pato linanenepa.
Kuna unene wa shibe na kuna uvimbe;
mizani inasoma kilo tu.

Jumatano nikapanda Uru, Shimbwe,
na daftari, na rula ya chuma.
"Unapima nini?" Shangazi Ndekirwa akauliza,
majani ya ng'ombe bado kichwani.
Nikasema: maji ya mfongo.
"Zamani yalifika hapa," akagusa goti.
Goti lako, shangazi?
"La marehemu Kiwia."
Na Kiwia, ukoo mzima unajua, alikuwa twiga.
Baba mdogo naye ana goti lake, na jirani lake,
na kila goti lina mwaka wake na hasira yake.

Nikaliacha goti. Nikatafuta jiwe.
Lipo, pale mfongo unapokata kona:
mstari wa weusi juu, kama masizi ya birika,
na maji ya leo chini yake.
Sentimita ishirini na moja.
Jiwe halina shamba la kugombania.
Nikaandika kwa furaha ya mtu aliyeokota noti.

Lakini furaha haikumaliza ukurasa.
Ishirini na moja, sawa. Zimekwenda wapi?
Mvua imepungua?
Au ni lile bomba jeusi linalokwenda kwa mwenye hoteli?
Au ni kwamba siku ya kuzibua mfongo, mwezi uliopita,
walitokea watu wanne na mbwa,
vijana wote wako mjini na pikipiki,
nao pia nimewahesabu, kushoto, chini ya *ajira*?
Jiwe linasema kiasi. Halitaji jina.

Nikakaa nipumzike juu ya kisiki nyuma ya zizi.
"Hicho," akasema shangazi, akitua mzigo,
"ni mwaka wako wa pili chuoni."
Nikadhani anatania.
"Mringaringa wa babu yako. Mbao zilikwenda Majengo,
hela ikaja kwako. Mwaka wa tatu ulikuwa ng'ombe."
Akaingia jikoni kuchochea moto.

Takwimu, nilisoma mwaka ule.
Namna ya kuchagua sampuli bila upendeleo.

Ijumaa nimepeleka viashiria saba.
Dokta akageuza karatasi, akatafuta cha nane nyuma yake.
Nikamwambia bado nakihakiki.
Sikumwambia kwamba kimechipua, machipukizi matatu,
na sijui nikiite mti au nikiite kisiki,
wala kwamba nikikiweka kulia nitakuwa nimejishtaki,
na nikikiweka kushoto nitakuwa nimemwibia babu mara mbili.

Ninachojua ni upana wake.
Nilipima kabla ya jua kuzama, nimepiga magoti,
rula yangu ikaishia katikati ya mbao.
Nikaihamisha. Ikaishia tena. Nikaihamisha.
Sitini na nane.
Kila mara niliweka kidole pale ilipoishia,
nisipapoteze.